Mahali pa Kusimama: Mandhari ya Kubuni katika Studio za Picha za Pwani

Katika picha zilizopigwa kwenye vibanda vya kivuko cha Likoni, Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, jicho humpita mtu aliyepigwa picha na kwenda kwanza mahali aliposimama. Nyuma yake kuna meli kubwa, au ndege, au maghorofa ya mji ambao haumo katika ramani yoyote. Kando yake kuna maua ya plastiki, mapambo ya Krismasi yanayometameta, mnyama aliyekatwa kutoka kwenye bango, na vitambaa vilivyofungwa vikafanana na lango la jumba. Yote hayo yalikaa ndani ya kibanda cha hatua chache, na aliyeyapanga ni mpiga picha mwenyewe. Wapita njia wengi waliyaona kama urembo wa bei nafuu. Wengine wameyaeleza kama hamu ya mtu asiye na kitu kutaka kuonekana yuko kwingine. Maelezo yote mawili hayatoshi. Mandhari ya kubuni ya studio za pwani, kuanzia Unguja ya karne ya 19 hadi Likoni, yanasimulia mvutano wa muda mrefu juu ya jambo moja: nani mwenye haki ya kuamua mtu aonekane amesimama wapi. Haki hiyo ilianza mikononi mwa mwenye kamera, ikahamia polepole kwa anayepigwa picha, na kuhama huko ni sehemu ya historia yetu ambayo vitabu vya sanaa vimeipa nafasi finyu mno.

Chanzo cha mandhari haya kiko mbali na pwani. Mwaka 1839 ufundi wa Louis Daguerre wa kupiga picha ulitangazwa Paris, na miaka miwili baadaye Antoine Claudet, Mfaransa aliyefanya kazi London, alipata hataza ya kuweka mapazia yaliyochorwa nyuma ya watu wanaopigwa picha. Sababu ilikuwa ya kikazi kabla ya kuwa ya kisanaa. Picha ilimtaka mtu atulie kwa muda mrefu, shingo ikishikizwa na chuma kilichofichwa nyuma yake, chini ya paa la kioo lililoingiza mwanga wa jua. Mteja hakuweza kupelekwa bustanini na vifaa vyote hivyo, kwa hiyo bustani ikaletwa ndani. Mwaka 1854 André Disdéri alipopata hataza ya picha ndogo za kadi, bei ilishuka, na pazia lililochorwa, nguzo ya mbao na meza ya duara vikaenea duniani pamoja na kamera. Mchoraji wa pazia alikuwa na elimu yake. Alitumia rangi isiyong'aa ili mwanga usirudi kwenye lenzi. Alichora kwa kijivu na kahawia, maana kemikali za wakati ule hazikuitambua rangi nyekundu na ziliigeuza buluu kuwa karibu nyeupe. Upande wa mwanga kwenye mchoro ulilingana na upande wa dirisha la studio, na vilima vya mbali viliachwa hafifu ili alama za brashi zisionekane. Kilichomshinda ni mstari wa chini, pale turubai linapokutana na sakafu. Aliufunika kwa zulia, nyasi kavu au mawe ya karatasi ngumu, na bado katika picha nyingi unaonekana: bustani inakatika ghafla, kitambaa kimekunjamana, na ubao wa sakafu unaanza. Mstari huo mdogo ni ushahidi muhimu, na hoja yangu itauhitaji tena.

Mapazia haya yalifika Unguja pamoja na wapiga picha wa kwanza wa kudumu, wengi wao Wagoa. Studio ya A. C. Gomes, iliyofunguliwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na ile ya ndugu wa Coutinho, zilipiga picha za masultani, wafanyabiashara na maofisa, na zikachapisha postikadi zilizouzwa kwa wageni waliotua bandarini. Hapo ndipo ukali wa jambo hili unapoonekana. Tajiri au mtu wa kasri aliketi mbele ya pazia kwa hiari yake, akachagua kiti, jambia na mkao. Lakini mwanamke aliyewekwa kwenye postikadi, mbele ya nguzo na bustani ya Kizungu, akapewa maelezo ya chini yasiyotaja jina lake bali kabila au uzuri wake tu, hakuchagua chochote. Utafiti wa mwanahistoria wa sanaa Prita Meier umeonyesha kwamba baadhi ya watu katika picha hizi walikuwa watumwa, waliowekwa mbele ya kamera kama mali ionyeshwayo. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa katika uhuru huo hadi 1909. Kwa hiyo postikadi nyingi tunazozisifu leo kwa uzuri wake zilitengenezwa wakati ambapo baadhi ya waliopigwa picha hawakumiliki hata miili yao, seuze mandhari ya nyuma. Bustani ile ilikuwa ya mwenye studio, na mnunuzi alikuwa abiria wa meli. Aliyesimama katikati alikuwa sehemu ya pambo.

Kutokana na ukweli huo hutokea pingamizi la kwanza, na ni pingamizi zito: ikiwa pazia lililochorwa lilikuja na ukoloni, na likaanza kwa dhuluma ya namna hii, kwa nini tuliite sanaa yetu? Si afadhali kusema kwamba kila aliyesimama mbele yake, hata baada ya uhuru, aliendelea kuishi ndani ya ndoto ya mtu mwingine? Ningelikubali pingamizi hilo kama watu wa pwani wangekuwa na mazoea ya kupokea vitu vya ng'ambo kama vilivyo. Lakini historia yao inaonyesha mazoea mengine. Katika makaburi ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na kwenye kaburi la mnara la Mambrui, bakuli na sahani za kaure kutoka Uchina zilipachikwa kwenye chokaa. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, zidaka zilijengwa ukutani safu juu ya safu, na vyombo vya mbali vikapangwa humo kuonyesha nasaba na heshima ya wenye nyumba. Bakuli lililotengenezwa kwa ajili ya kulia chakula likawa alama ya marehemu. Mgeni aliyeingia sebuleni Lamu hakudhani kwamba mwenye nyumba anajifanya Mchina. Alielewa kwamba hapa pana watu ambao bahari imewaletea na wao wamepokea. Kitu cha mbali kilikuwa lugha ya kueleza hadhi ya hapa nyumbani, karne nyingi kabla ya lenzi ya kwanza kufika. Pazia la studio lilipoachwa mikononi mwa watu wenye mazoea hayo, halikuweza kubaki la Kizungu kwa muda mrefu.

Mabadiliko yenyewe yalikuja na wateja wapya. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyekuwa amefanya kazi katika studio ya Gomes, alifungua Capital Art Studio mjini Unguja. Mombasa nayo, kuanzia miaka ya 1940, ikawa na studio ya N. V. Parekh, iliyodumu kwa miongo kadhaa na kuhudumia Waswahili, Wahindi, Waarabu na watu wa bara bila kubagua. Wageni wa meli hawakuwa tena soko kubwa. Soko lilikuwa bibi harusi, mabaharia, makarani waliopata mshahara wa kwanza, marafiki wawili walioshona nguo za kitambaa kimoja. Anayelipa ndiye atakayeibeba picha nyumbani, na hilo peke yake lilibadilisha mazungumzo ndani ya studio. Mteja alikuja na redio yake au aliazima simu ya studio. Alitaka mwanga wa filamu za Kihindi au pozi aliloliona kwenye sinema. Kwa wanawake waliokaa ndani, studio ilikuwa na maana zaidi. Mlango ulipofungwa, mwanamke aliyepita mtaani akiwa amejitanda buibui aliweza kuonekana atakavyo, mahali atakapo, kisha picha ikafungwa kwenye albamu ya kuonyeshwa shoga na jamaa tu. Mtaani hakuchagua nani amtazame. Mbele ya pazia alichagua mtazamaji na mandhari pia.

Aliyeufikisha ufundi huu mbali kuliko wote ni Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993. Alijifundisha mwenyewe, akapiga picha mitaani kwa miaka mingi kabla ya kuwa na studio yake, na alifanya kazi katika mji ambao uhalali wa kutengeneza sura ya kiumbe mwenye roho umejadiliwa kwa uzito na wanavyuoni. Bakor hakutegemea pazia peke yake. Mandhari yake mengi yalizaliwa katika chumba cha giza, na inafaa kuieleza kazi yenyewe. Fundi wa namna hii huwa na negativi mbili, moja ya mtu na nyingine, tuseme, ya ua. Hukata karatasi nyeusi kwa umbo la sehemu anayotaka kuificha, huishika juu ya karatasi ya picha, huangazia negativi ya kwanza kwa sekunde chache, kisha hubadili negativi, huhamisha kifuniko upande wa pili na kuangazia tena. Mkono hukitikisa kifuniko hicho kidogo wakati taa inawaka ili ukingo usiwe mkali. Akikosea kwa unywele mmoja, weupe au weusi huzunguka kichwa na karatasi nzima hutupwa. Picha ikiingia kwenye dawa, sura ya mtu huibuka katikati ya petali kana kwamba imeota humo. Ndivyo Bakor alivyowaweka watu wa Lamu ndani ya maua na mimea, ndivyo alivyoweza kumweka mtu yuleyule mara mbili katika picha moja. Heike Behrend, mtafiti Mjerumani aliyeichunguza kazi hii kwa makini, ameihusisha na mjadala wa kidini juu ya sura. Naona hajakosea. Mji uliopamba milango, misahafu na chokaa ya kuta kwa majani na maua ulikuwa umekwisha kuwa na mahali pa kumhifadhi mtu palipokubalika. Bakor alikwenda kupachukua huko, na hakuna studio ya Paris ingeweza kumpa.

Likoni ni ukurasa wa mwisho wa mabadiliko haya na, kwa maoni yangu, wa juu kabisa. Wapiga picha wa kivukoni walikuwa wengi wao watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi. Hawakuwa na jengo, paa la kioo wala mtaji wa kuagiza mapazia. Walikuwa na mbao, mabango, karatasi za kung'aa, gundi, rangi ya duka la vifaa vya ujenzi, na umati usiokwisha wa watu wanaosubiri feri. Wateja wao walikuwa kama wao: vibarua, watumishi wa hoteli na wa majumbani, wageni wa sikukuu waliotaka kurudi na ushahidi kwamba wameiona Mombasa. Ushindani ulikuwa mkali, na mteja aliyeona mandhari ya jana katika picha ya rafiki yake alitaka mapya leo. Mandhari yakabadilishwa mara kwa mara: Krismasi ilikuja na mapambo yake, Idi na yake. Uchumi huu wa kivukoni uliumba kitu ambacho studio za kale hazikukijua, yaani mandhari yasiyo na mwandishi mmoja. Mpiga picha alibuni, mteja akakataa au akachagua, jirani wa kibanda akaiga na kuongeza. Bahari halisi ilikuwa mita chache kutoka hapo, feri halisi ikipita, na bado watu walilipia meli iliyochorwa. Hawakuwa wamekosa kuona. Feri ya mlangobahari ilimchukua kila mtu na kumrudisha palepale, na ya kibandani ilielekea kule ambako mwenye picha alisema inaelekea. Agosti 1997 machafuko yalizuka Likoni, watu wa bara wakashambuliwa na kufukuzwa, na vibanda vya wapiga picha navyo vikaharibiwa. Sidhani ni sadfa. Watu walioambiwa kwamba hapa si kwao ndio waliokuwa wakijijengea, kila siku na kwa mikono yao, mahali pa kusimama.

Pingamizi la pili hutoka kwa wanaoamini kwamba thamani ya picha ni ushahidi. Mama aliyeko kijijini akipokea picha ya mwanawe kando ya ndege, husema, si amedanganywa? Hapa ndipo ule mstari wa turubai na sakafu unaporudi. Uongo huhitaji kufichwa, na mafundi hawa hawakuficha. Katika picha za Likoni gundi inaonekana, ndege ni ndogo kuliko mtu, ua la plastiki limening'inia hewani. Waliozipokea hawakuwa wageni wa desturi hii. Wengi walikuwa wamesimama mbele ya mapazia kama hayo katika miji ya wilaya zao, na walijua kusoma picha kama mtu anavyojua kusoma salamu za harusi, kwamba ni maombi na sifa, wala si hesabu. Yawezekana yupo aliyedanganyika, na yawezekana yupo kijana aliyetaka kudanganya. Hilo haliifanyi desturi nzima kuwa hadaa. Na tukitaka kujua picha ipi imemnyang'anya mtu ukweli wake, tuitazame ile tunayoiita ya kweli kuliko zote. Katika miaka ya 1880 Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris alianza kuweka kanuni za kupiga picha za wahalifu: umbali uleule, mwanga uleule, nyuma yake patupu. Kanuni hizo ni ndugu wa picha ya pasipoti ambayo imezilisha studio zetu ndogo kwa miongo mingi. Ukuta mweupe nao ni mandhari yaliyobuniwa. Unasema kwamba mtu huyu hana mji, hana jamaa, hana anachokitamani, na aliyeyachagua ni dola. Mteja aliyepiga picha ya kitambulisho asubuhi kisha akarudi jioni kupiga nyingine mbele ya meli alikuwa anajirudishia kilichofutwa.

Pingamizi la tatu nalisikia zaidi kutoka kwa wapenzi wa sanaa: hii ilikuwa biashara ya kuganga njaa, na msanii ni yule anayebuni kwa ajili ya fikra yake. Wanaosema hivyo huwa na mifano mizuri. Thomas Demand wa Ujerumani hujenga kwa karatasi na kadibodi mahali pazima kwa ukubwa wa kweli, hupiga picha, kisha hubomoa. Kwa msitu wake wa mwaka 2003 yalikatwa majani ya karatasi 270,000. James Casebere wa Marekani amejenga vijumba na vitongoji vya mezani tangu miaka ya 1970. Didier Massard wa Paris hujenga studioni milima, misitu na pwani ambazo haziko popote, akitumia miezi kwa picha moja. Nazistahi kazi hizi. Lakini Massard alijifunza ufundi wake katika picha za matangazo ya bidhaa, na hakuna anayemnyima usanii kwa sababu hiyo. Philip Kwame Apagya wa Ghana alichukua mapazia ya majumba yenye friji na televisheni, yaleyale aliyowapigia majirani zake kwa malipo, akayaonyesha Ulaya yakaitwa sanaa bila hata doa la rangi kubadilishwa. Kilichobadilika ni ukuta yalipotundikwa. Tofauti ya kweli kati ya Demand na fundi wa Likoni ni nyingine. Mahali pa Demand hapana mtu, na akitokea mtu patavunjika, maana nguvu yake yote ni ule ukimya wa mahali palipotoka kwenye kichwa kimoja. Mandhari ya kibandani hayakukamilika hadi mtu aingie. Yalipimwa kwa swali kama mteja anakaa vizuri ndani yake, na kuyabuni kulihitaji kumsikiliza mtu ambaye huenda hukuwahi kumwona kabla, kwa dakika chache, huku feri ikipiga honi. Sioni kwa nini kazi ya kubuni mahali pa mtu mwingine iwekwe daraja la chini kuliko kujibunia mwenyewe. Naiona ngumu zaidi.

Hasara ni kwamba kazi hii imehifadhiwa vibaya. Majina ya waliochora mapazia ya Unguja na Mombasa hayakuandikwa kwenye picha, ambako mara nyingi ni muhuri wa studio tu unaoonekana. Turubai lilipochanika lilipakwa chokaa na kuchorwa upya, au likageuzwa kufunika bidhaa sokoni. Negativi huliwa na unyevu na chumvi ya bahari. Kompyuta ilipoingia studioni, mandhari yalianza kubandikwa baada ya picha kupigwa, na mteja akasimama mbele ya kitambaa cha rangi moja bila kuona ameingia wapi. Hata makumbusho yanapozikusanya picha hizi, kadi ya maelezo hutaja studio, mji na vazi, na aghalabu pazia halisemwi kabisa. Uzembe huo una gharama inayopimika. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alianza na shuka la kitanda chake kama pazia na akawa analibadilisha kila baada ya miaka michache. Uzeeni, wakati picha zake maelfu zilipokuwa zinapangwa, alizitambua miaka yake kwa kutazama kitambaa cha nyuma: maua haya ni ya kipindi kile, majani yale ni ya kipindi kilichofuata. Sanduku la picha za Mombasa au Lamu zisizo na tarehe lingeweza kupangwa kwa njia hiyohiyo leo, madhali wapo wazee wanaokumbuka pazia gani lilitundikwa wapi, na mwaka gani lilishushwa.